Mwalimu Aliyefuta Alama Zake

Kitu cha kwanza alichokifanya ofisini kwetu ni kukitafuta kipanya cha kompyuta kwa kiganja, kukichomoa waya na kuniwekea mkononi kama mtu anayerudisha kijiko kichafu. "Hiki kaa nacho wewe," akasema. "Mimi nitatumia vibonye. Haya, hiyo tovuti yenu iko wapi?"

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Nimekulia Arusha mjini, nyuma ya duka la wazazi wangu, Wachaga wa kuhamia, na mtoto wa dukani huona kila aina ya binadamu kabla hajajua kusoma. Lakini yule mama nilimshangaa siku ile na mpaka leo sijaacha. Tulimwita Mwalimu. Alikozaliwa, ukoo wake, na jinsi macho yake yalivyopotea, hayo watu walizoea kumuuliza hata kabla ya kumpa kiti, na yeye alizoea kuwajibu, "Kwani umekuja kuniposa?" Kwa hiyo na mimi sitayagusa.

Nieleze chuo kwanza. Ilikuwa miaka ya soko huria, vyuo binafsi vimeota kama uyoga kutoka mjini hadi Usa River, kila kimoja na bango lake barabarani. Chetu kilikuwa upande wa Tengeru, katikati ya migomba, ng'ombe wa jirani wakilia dirishani. Mratibu wake alikuwa na ndoto kubwa: walimu walioko kazini wasome shahada kwa intaneti, hapo hapo walipo, bila kuacha madarasa yao. Fundi wa tovuti hiyo nilikuwa mimi. Niliijenga nyumbani kwangu Olasiti na nilikuwa naionea fahari kwelikweli. Rangi zilipangika, picha zilikuwa zinateleza zenyewe. Mwalimu alikuwa mwanafunzi wetu wa kwanza asiyeona, na alikuja kutuambia kwamba tovuti yetu haina mlango.

Alikuwa na kompyuta mpakato ya mtumba, na ndani yake programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo. Sauti yenyewe ilikuwa kavu tena ya haraka, utadhani mnadi nguo pale soko la Tengeru siku ya Jumamosi. Mimi sikuambulia neno. Yeye ameinamisha kichwa, ametulia, anasikiliza taarifa ya habari yake. Ilipofika kwenye ukurasa wa mbele, ule niliokuwa nauringia, sauti ikasema: Picha. Picha. Picha. Bonyeza hapa. Bonyeza hapa. Bonyeza hapa.

"Hapa wapi?" Mwalimu akaiuliza mashine. Kisha akanigeukia. "Fundi, hapa wapi?"

Mafundi wote wa wakati ule tulijenga hivyo. Mtu anayeona anaitazama picha ya kitabu, chini yake pameandikwa "bonyeza hapa", anajua ni maktaba. Anaitazama picha ya kalamu, anajua ni mazoezi. Picha zenyewe hatukuziandikia neno hata moja, kwa hiyo mashine yake haikuwa na cha kumwambia. Nilianza kujieleza. Alinyanyua mkono. "Usinieleze. Mimi nimeshaondoka hapo. Mweleze atakayekuja kesho."

Sasa niseme alichokuwa anakitaka, maana bila hicho humwelewi. Alipokuwa msichana alisomea ualimu, na mtihani wa mwisho ulifanywa kama ilivyokuwa desturi kwa wasioona: mtu mmoja anakaa pembeni, anamsomea swali, naye akijibu, mtu huyo anaandika. Aliyemsomea alikuwa matroni wa bweni, mwanamke mwaminifu. Mwalimu akafaulu vizuri sana. Basi, tangu siku hiyo, kila shule aliyopelekwa, maneno yalitangulia kufika kuliko yeye: yule alifanyiwa. Walimu wenzake walimtania hivyo kwenye chai. Siku ya kumuaga mwalimu mkuu mmoja, mshereheshaji akalisema kwenye kipaza sauti, ukumbi mzima ukacheka.

"Na wewe ukafanyaje?" nilimuuliza.

"Nilicheka. Nilicheka mpaka nikakohoa. Ungetaka nilie mbele ya pilau?"

Kwa hiyo, karibu na kustaafu, akajiandikisha kusoma shahada yetu. Cheo hakuwa anakihitaji. Alitaka mtihani mmoja katika maisha yake ambao hakuna mdomo wala mkono wa mtu mwingine ndani yake. Hilo alinieleza siku ya kwanza, palepale, na akalirudia kila nilipoanza kulegea.

Ufundishaji wake ulikuwa wa kikatili, nisifiche. Mara ya kwanza nilijaribu kufumba macho ili nimfurahishe. Sijui alijuaje, labda alisikia vidole vyangu vinavyobabaika. "Fumbua," akasema. "Hujawa kipofu, wewe ni mtu aliyefumba macho, na unajua utafumbua saa ya chai." Akaniamuru nizime kioo cha kompyuta kabisa, nivae masikioni vipokea sauti vya ile mashine yake, nijisajili kwenye somo lolote nililolijenga mimi mwenyewe. Nilipapasa. Nilizunguka. Nilifika mahali nikasikia "picha, picha" nikarudi, nikasikia tena "picha, picha". Yeye ameketi pembeni anamenya ndizi mbivu.

"Umefika wapi, fundi?"

"Sijui, Mwalimu."

"Karibu sana," akasema, akala ndizi yake.

Nilitoka nje nikalia kwa hasira, nikamsema moyoni maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Halafu nikarudi, nikaanza kuvibandika viungo vyote vya tovuti majina yake, kimoja kimoja. Ilinichukua muda mrefu. Nilipomaliza, Mwalimu alipitisha vidole kwenye vibonye, ukurasa mmoja hadi mwingine, bila kusimama popote, kama mama anayetembea jikoni kwake umeme umekatika. Akapiga meza kwa kiganja. "Eeeh! Sasa nipo nyumbani kwa watu." Kwake hiyo ilikuwa sifa ya juu, na niliishi juu ya sifa hiyo mwezi mzima.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa na majivuno ya mavazi, kitambaa cha kichwani lazima kiendane na viatu. Rangi aliwauliza watu wawili kila asubuhi, tena kwa nyakati tofauti, kwa sababu alikuwa hamwamini hata mmoja. Nyumbani kwake alitumikisha kila aliyevuka kizingiti. Mimi mwenyewe nimechambua maharage pale siku niliyokwenda kumrekebishia spika. Alihubiri subira kwa wanafunzi wake lakini chai ikichelewa kidogo tu, alianza kuimba pambio kwa sauti ya kuudhi mpaka ije.

Na hospitalini! Nilimsindikiza siku moja, foleni imefika nje ya geti. Mwalimu akainua fimbo yake nyeupe juu, akapaza sauti, "Jamani nipisheni, kipofu anapita!" Watu wakafunguka kama bahari, wengine wanampa pole, akapita na mimi nyuma yake nimeinamisha uso kwa aibu. Tulipofika mlangoni kwa daktari, muuguzi akanyoosha mkono amfungulie. "Kwani mlango nimekuomba?" Mwalimu akamkaripia, akakitafuta kitasa mwenyewe. Tulipotoka nikamuuliza, sasa Mwalimu, kule kwenye foleni haikuwa kusaidiwa?

"Foleni ni uonevu kwa kila mtu," akasema. "Mimi nimepata sababu ya kuukwepa. Wewe tafuta yako."

Hakujipigania peke yake, na hili ndilo lililonimaliza. Kuna siku alikuja na mwalimu mwenzake kiziwi, mwanafunzi mpya wa chuo, akamkalisha mbele ya video zetu za masomo. Mhadhiri anaonekana anachezesha midomo, yule bwana anatazama tu. Mwalimu akaniambia niandike kila neno la mhadhiri chini ya video. Nikalalamika kwamba ni kazi ya kuua mtu, video zenyewe ndefu, na yeye Mwalimu anazisikia vizuri, tatizo liko wapi?

"Mimi nasikia, yeye hasikii. Ukikataa, sawa. Atahamia kwako Olasiti, uwe unamweleza kila jioni kwa ishara. Anapenda makande."

Yule bwana alipoandikiwa maneno hayo kwenye karatasi, alicheka mpaka akashika tumbo, akatikisa kichwa kukubali. Niliandika video zote.

Sasa mtihani. Alimaliza masomo yote, likabaki moja la mwisho, la upimaji na tathmini, ambalo mtihani wake ulifanyiwa chuoni kwenye tovuti yetu, mbele ya msimamizi. Msimamizi alikuwa Mmeru mmoja mpole, mzee wa kanisa, mtu wa suti ya kahawia na salamu ndefu. Umri wake ni wa kumwamkia Mwalimu shikamoo. Walipewa chumba kidogo: Mwalimu, kompyuta na yeye.

Katikati ya mtihani Mwalimu alifika kwenye swali lenye grafu, zile nguzo zinazosimama ndefu kwa fupi, kila somo na nguzo yake, kuonyesha wanafunzi waliofeli. Swali lilikuwa: somo lipi limefelisha wengi zaidi? Grafu hiyo mhadhiri aliichora usiku wa kuamkia siku hiyo akaipachika bila maelezo. Mashine ikasema: Picha. Mwalimu akarudi nyuma, akaja tena. Picha. Akarudi tena.

Msimamizi akavumilia kadiri alivyoweza. Lakini kwetu huku mtoto hufundishwa kupokea mzigo kabla hajafundishwa kuhesabu. Ukimwona mtu mzima anahangaika na wewe umekaa, wewe huna malezi. Yule baba akasimama, akainama karibu na bega lake, akanong'ona kwa adabu zote, "Mwalimu, hapa kuna nguzo. Ya Hisabati ndiyo ndefu kupita zote." Na kama hiyo haitoshi, muda ulipokaribia kwisha, saa yetu ya kwenye tovuti ikihesabu kwa rangi nyekundu pasipo sauti, akanyoosha kidole akambonyezea kitufe cha kutuma. Alifanya hivyo kwa upendo. Angekuwa mama yake mzazi, angefanya vilevile.

Matokeo yakatoka: A. Mratibu akanunua soda. Mimi nikaruka ruka. Kwenye ubao wa matangazo wakabandika jina lake juu kabisa.

Mwalimu akaja, akakataa soda, akasema, "Futeni."

Mratibu alidhani ni utani. "Mwalimu, kwa heshima zote, hakuna kifungu cha kumnyang'anya mtu alama alizopata."

"Basi andika sikufika."

"Lakini ulifika!"

"Tulifika wawili," Mwalimu akasema. "Tulikaa wawili, tukajibu wawili, na aliyetuma ni yeye. Nikichukua hiyo A, yule mshereheshaji alikuwa na haki."

Msimamizi alikuwepo. Sijawahi kuona mtu mzima akinywea namna ile. Akaanza kuomba radhi, Mwalimu akamkamata mkono. "Baba, wewe hukunikosea. Umelelewa vizuri, na mimi ndiye ninayeumia kwa malezi yako." Kisha akamgeukia Mratibu na kurudia, "Futa." Mratibu akakuna kichwa, akatazama dari, na mwisho akafuta. Mtihani uliofuata wa somo hilo ulikuwa mwaka mzima mbele.

Tulisimama barazani kungoja mvua ipungue, mlima Meru wote umemezwa na mawingu. Nilikuwa nimefura kwa hasira. Nikamwambia wazi, "Umechezea shilingi chooni, Mwalimu. Swali moja! Hata ungelikosa ungepata A. Kuna mtu gani hapa angejua?"

Hakukasirika. Alisogea akasimama upande wangu mwingine, sikio la kulia likielekea kwangu. Nilikuwa nimeshaona anafanya hivyo siku za karibuni lakini sikuwaza kitu.

"La kushoto limeshaondoka," akasema. "La kulia linafunga virago. Ndiyo aliyoniambia daktari siku ile ya foleni."

Mtu ambaye dunia yote ameisoma kwa masikio! Vile vifaa vya kompyuta vya nukta nundu, vya kusomea kwa vidole, tulikuwa tunavisikia tu kwa wageni, chuoni hatukuwa nacho hata kimoja. Bila sikio lile, mashine yake ilikuwa sanduku tu.

"Kwa hiyo mwaka ujao..." nikaanza.

"Mwaka ujao sijui kama nitaisikia. Ndiyo maana nakwambia uanze leo."

Na alikuwa amelijua hilo wakati anasema "futeni". Alikuwa na A mkononi, sikio moja linaloondoka, na akairudisha A. Nilisimama pale natazama mvua, na niseme kweli, nilimwogopa. Sikuwahi kusimama karibu na mtu mwenye ujasiri wa aina hiyo, na hakuwa hata amepandisha sauti.

Kazi ya mwaka ule ilikuwa kuziandikia picha zote za masomo na mitihani maneno. Nilidhani rahisi. Kwa grafu ya mfano niliandika: "Grafu inaonyesha Hisabati ikiongoza kwa kufelisha." Mwalimu akapiga ulimi. "Hapo umeshanijibia." Nikaandika: "Grafu ya nguzo." "Hapo umeninyima. Nipe urefu wa kila nguzo, halafu unyamaze."

Wahadhiri nao walikuwa wagumu. Wao huchora, wanaondoka. Kumbe Mwalimu alikuwa na dawa yao. Aliomba chumba, sinia na bakuli la maharage mabichi. Mhadhiri anakaa mbele yake na grafu yake, anaieleza kwa mdomo, naye Mwalimu anapanga maharage kwenye sinia, safu kwa safu, kadiri anavyoelezwa. Akimaliza, mhadhiri anatazama. Kama safu za maharage hazifanani na grafu, maneno ya mhadhiri ni mabovu, aanze upya. Na kama Mwalimu amepata jibu kabla hajagusa maharage, mhadhiri amesema mno, aanze upya vilevile. Nimewaona madaktari wa falsafa wakitokwa jasho mbele ya lile sinia. Mmoja alitoka anaapa hatarudi, kesho yake akarudi na karatasi yake imeandikwa vizuri sana. Mpaka karibu na mwisho wa mwaka ikawa ni kawaida ya chuo: hakuna mchoro unaopanda kwenye tovuti bila kupita kwenye sinia. Mtihani wake yeye tu ndio ulipitishwa kwa mtu mwingine, asije akaujua mapema, na aliuliza tena na tena kuhakikisha.

Saa ya mtihani nayo tukaifanya itamke muda uliobaki, na isimame yenyewe mtandao au umeme ukikatika. Wakati huohuo sauti ya spika ya Mwalimu ilikuwa inapanda. Nilipokuwa naingia chumbani kwake pale chuoni, mwanzoni nilisikia mnong'ono, baadaye nikawa naisikia mashine tangu korido, na baadaye tangu kwenye geti, ambapo mlinzi, Mwarusha mmoja aliyezoea kumwita mama kwa kilugha chao, aliniuliza, "Yeyo leo anagombana na nani?" Nilikuwa nikisikia ile sauti inavyopanda natamani kuisukuma kalenda kwa mikono.

Siku ya mtihani ikafika. Mwalimu alikuja amevaa kitambaa cha bluu na viatu vya bluu. Msimamizi alikuwa yuleyule, yeye mwenyewe aliomba. Mwalimu akamwekea sharti: akae, viganja chini ya mapaja, avikalie. Msimamizi akakubali kama mtu anayekula kiapo.

Hawajafika mbali, umeme ukakatika. Saa ya tovuti ikasimama kama tulivyoipanga. Mlinzi akawasha jenereta, lile jenereta bovu la chuo, lililokuwa nyuma ya ukuta wa chumba kilekile, likaanza kunguruma. Mimi niko nje dirishani. Nikamwona Mwalimu anapandisha spika mpaka mwisho. Akainama mpaka sikio likagusa mashine. Akaondoa sikio. Akarudisha. Uso wake ulibadilika, na mimi nikajua: hasikii.

Nikataka kuingia. Kabla sijaufikia mlango, Msimamizi alitoka mbio, suti na yote. Hakumsemesha Mwalimu neno. Alikwenda moja kwa moja kwenye jenereta, akalizima, akamwita mlinzi, nami nikaungana nao, tukalisukuma lile dude kwenye tope, tukapita migomba, tukapita zizi la jirani, ng'ombe wanatushangaa, waya mrefu unaburuzika nyuma yetu. Tulipoliwasha tena kule mbali, chuoni lilisikika kama nyuki. Suti ya kahawia ilikuwa na matope mpaka kifuani. Msimamizi akarudi chumbani akaketi, akavikalia viganja vyake vyenye tope. Mwalimu akasikiliza kidogo, akaendelea.

Saa ikatamka muda uliobaki. Ikatamka tena. Mwalimu alikuwa anafikiri, midomo inacheza. Msimamizi alikuwa ameuma meno, macho juu darini, anasali nadhani. Kisha Mwalimu akashuka na mshale hadi mwisho wa ukurasa, mashine ikasema "Tuma mtihani", na akabonyeza mwenyewe.

Matokeo yalipotoka, Mratibu aliniita ofisini, akanifungulia ukurasa. Mwalimu alikuwa amepata C. Alikuwa amepita, shahada yake imekamilika, lakini C, kutoka A! Nilihesabu mwaka ule wote, lile sikio, maharage, tope. Nilijisikia vibaya mno. Nikanunua sukari na mkate kama mtu anayekwenda kutoa pole, nikapanda kwake, kule juu ya Tengeru kwenye mibuni, njia nzima napanga maneno ya kumfariji.

Niliisikia ile sauti kavu ya mashine kabla sijaiona nyumba. Alikuwa ameunganisha kompyuta kwenye spika kubwa, ile ya kwaya. Uani alikuwepo mdogo wake na majirani wamekaa wanamenya ndizi, na Mwalimu katikati yao, sikio la kulia limekaribia spika.

Nikapaza sauti, "Shikamoo Mwalimu!"

"Marahaba! Fundi huyo? Njoo upande huu."

"Nimeyaona matokeo, Mwalimu. Pole sana."

"Pole ya nini?"

"Ile ya kwanza ilikuwa A."

"Ile ilikuwa ya Msimamizi. Mpelekee pole yeye!" Majirani wakacheka. "Kaa chini. Kaa usikie nilivyokosea."

Chuo kilikuwa kimeanza kumruhusu kila mwanafunzi kuufungua mtihani wake baada ya matokeo, aone alipopata na alipokosa. Akaiacha mashine isome swali la kutafuta wastani wa alama za darasa. Ikasoma jibu lake. Ikasema: Si sahihi.

"Umesikia? Si sahihi! Nilijumlisha vizuri kabisa, halafu wakati wa kugawanya nikamsahau mtoto aliyepata sifuri. Miaka yote hii nafundisha, nikamsahau wa sifuri!" Akajipiga paja. Alikuwa anacheka, machozi yanamshuka mashavuni na hayafuti. "Sasa niambie, fundi. Nani alinisaidia kukosea hapo?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Sema kwa nguvu, sisikii."

"Hakuna!"

"Hakuna," akasema.

Mdogo wake akaniambia wamesomewa makosa hayo tangu asubuhi, na kila jirani anayeingia wanaanza upya. Niliuweka mkate chini, nikachukua kisu nikaanza kumenya ndizi, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka mikono ikae bure. Mwalimu alikuwa ameshanisahau. Alikuwa anashuka na mshale taratibu, anatafuta swali jingine alilokosa.